Jalala Letu na Bei ya Kwanza

Mpaka leo nikisikia mtu anasema watu wa mitaani hawana mwamko wa usafi, damu inanichemka. Naijua sentensi hiyo ilikotoka. Nilikuwepo ilipozaliwa, kitambulisho cha utafiti kikiwa shingoni mwangu, na mama yangu mzazi akiwa mmoja wa waliosingiziwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara iliporuhusiwa na maduka yakafunguka. Kabla ya hapo tulipanga foleni ya sukari na ya sabuni, na kilichopatikana kilitumika mpaka kikaisha: kopo likawa kipimo cha mchele, gunia likawa pazia la choo. Hapakuwa na cha kutupa. Kisha milango ikalegea, kontena zikaanza kushushwa, mitumba ikamwagwa barabarani, na kila kitu kikaja kimefungwa ndani ya kitu kingine. Hicho kingine ndicho kilichoishia mbele ya nyumba yetu.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, mtaa unaoteremka kutoka Msimbazi kuelekea Jangwani, nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku na korido katikati. Mama alikuwa anakaanga samaki barazani. Aliwafuata soko la Feri alfajiri, akawapaka chumvi na ndimu, na kufikia adhuhuri karai lilikuwa linaunguruma. Jalala lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye karai hilo.

Lilianza kama rundo la maboksi na mifuko ya nailoni. Gari la kuzoa taka lilikuwa linakuja, halafu likawa linakuja likijisikia, halafu likaacha kabisa. Rundo likapanda mpaka usawa wa dirisha la mama, likaporomokea mferejini, mfereji ukaziba. Wateja walikula wakiwa wameligeuzia mgongo, mkono mmoja umeshika samaki, mwingine unafukuza nzi. Wengine wakahamia kwa wakaangaji wa mtaa wa pili. Mama alifagia asubuhi na jioni, akamwaga maji, akapiga deki baraza lote, na upepo ukigeuka yote yalirudi. Kilichomtisha zaidi ni masika. Mfereji ule ndio ulioteremsha maji ya mtaa kwenda bondeni, na kwa jinsi ulivyoziba, mvua kubwa ingepita kwanza chumbani kwake.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya muda kwenye utafiti wa uchumi wa taka, nilifurahi kama niliyekabidhiwa gari lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali. Tulielezwa kwamba uzoaji wa taka sasa utapewa kampuni binafsi, na kampuni itaanza na mitaa ambayo watu wako tayari kulipia. Utafiti wetu ndio utakaosema ni mitaa ipi. Wa kwetu ulikuwemo. Jioni hiyo hiyo nilimwambia mama, wakija ukaulizwa, sema vizuri.

"Niseme vibaya nina wazimu?" akasema, akageuza samaki.

Msimamizi wetu alikuwa mchumi, mtu mpole, nadhifu, aliyesoma nje na kurudi. Alitufundisha kusoma swali neno kwa neno: je, kaya yako iko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi ili taka zizolewe mara mbili kwa wiki? Mtu akitaja kiasi, andika, sema asante, nenda swali linalofuata. Usiulize mara ya pili. Usikunje uso.

"Ukimsukuma," alisema, "atataja bei ya kukufurahisha wewe, siyo ya kwake."

Tukiwa darasani maneno hayo yalikuwa na maana, na mimi nilitikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Halafu tukaingia Kariakoo.

Asiyekulia kule ni vigumu kumweleza. Kariakoo ukiulizwa "utatoa ngapi?" hujaulizwa una shilingi ngapi mfukoni, wala kitu unakithamini vipi. Umekaribishwa mazungumzo. Unataja kidogo, kidogo cha kuchekesha. Muuzaji anashika kichwa, anakuapia kwamba hata yeye alikonunua hakukipata kwa bei hiyo. Unaondoka, anakuita, unaongeza, anapunguza, mnakutana. Bei ya kwanza ni hodi tu. Anayetaja bei yake ya kweli mwanzoni ni mgeni, au anaumwa.

Basi mtaa mzima ukapiga hodi. Mwenye duka la vitambaa pale kona, mzee wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa mtaani kabla ya yetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wenzangu wamesema ngapi?" Nikamwambia siruhusiwi kusema. "Basi mimi nitaanzaje?" akasema, akanisogezea kiti. Nikamsomea swali upya, kwa sababu hilo liliruhusiwa. Akataja kiasi ambacho kisingenunua hata kikombe cha kahawa, akanitazama, anangoja. Nilitakiwa nishike kichwa. Nilitakiwa niseme, mzee wangu, unaniua. Badala yake niliandika, nikasema asante. Uso wake ukashuka kabisa, nadhani aliona nimemdharau.

Mama sikuruhusiwa kumhoji mwenyewe, kwa hiyo alipangiwa mwenzangu, kijana mwenye adabu nyingi aliyetoka mkoani. Mimi nilikaa koridoni nyuma ya pazia, nasikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu kiti. Kula samaki kwanza."

Akala, akashukuru, akasoma swali. Mama akataja bei. Ilikuwa chini ya ile ya mwenye duka. Ilikuwa chini ya bei ya mkia wa samaki. Nilijiziba mdomo kwa kiganja nisije nikapiga kelele.

"Asante mama," kijana akasema. Nikasikia karatasi inageuzwa, akaanza kuuliza habari za choo.

Alipoaga, mama aliingia koridoni amekunja uso.

"Yule mtoto kakubali."

"Ndiyo, mama."

"Hakubisha hata kidogo!"

"Haruhusiwi kubisha."

"Basi nimepigwa," akasema. "Mtu akikubali haraka namna hiyo, ujue umetaja kubwa. Au hilo gari lao bovu."

Nilimweleza. Nilimweleza tena. Nikamwambia mama, hii siyo biashara, huu ni utafiti. Akaniuliza, kama siyo biashara, bei ya nini? Nikamwambia wanataka kujua moyoni mwako gari unalitaka kiasi gani. Akasema kila mtu anajua analitaka, kipofu mwenyewe akipita pale anajua, ndiyo sababu hakutaka kulionyesha hilo mbele ya muuzaji. Nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti, naye akaniacha nimesimama, akatoka uani kuwaonya wenzake: jamani, wanakubali bei yoyote, msije mkataja kubwa kama mimi.

Habari ikazunguka vyumba vyote, ikaruka ukuta, ikaenda nyumba ya pili. Kesho yake wadadisi walikuta mtaa umejipanga. Kila mlango ulitaja chini ya mlango uliotangulia. Wanawake wale wale waliolilia jalala kila siku walikuwa wanapongezana uani kama watu waliokwepa mtego. Nilitaka kulia, kwa hasira wala siyo kwa huzuni, na sikujua niwakasirikie wao au karatasi niliyoishika.

Nilimfuata msimamizi.

"Bosi, watu hawajajibu hawa. Wameanza bei tu."

Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza. Akasema tatizo hilo linajulikana, vitabuni lina jina lake, na dawa yake ni kuhoji watu wengi zaidi.

"Hata wakiwa wengi, wote wataanza bei."

"Dada yangu, tukianza kumrudia kila mtu ambaye jibu lake hatukulipenda, huu hautakuwa utafiti tena."

"Niruhusu nirudie mtaa mmoja tu."

"Mtaa upi?"

Nikautaja. Akatabasamu, wala siyo kwa ubaya.

"Wa kwenu," akasema.

Kweli ulikuwa wa kwetu.

Mchana huo tulipita naye kwenye mitumba. Akavipenda viatu vyeusi vya kamba, akauliza bei. Akatajiwa. Akacheka, akataja nusu ya nusu yake. Mwenye viatu akamwambia aache mzaha, watu wako kazini. Msimamizi wangu akageuka akaondoka, na aliondoka vizuri, hakutazama nyuma, mabega yametulia kama mtu aliyekwisha kusahau. Nilimwonea fahari, wallahi.

"Kaka! Njoo basi! Ongeza kidogo!"

Akarudi. Akaongeza kidogo. Viatu vikaingia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko mpya kabisa, naye akawa na furaha ya mtoto.

"Umeona? Ukijifanya mgeni hapa wanakumaliza."

"Je, kama angeandika bei yako ya kwanza akakuambia asante?"

Alinielewa, nina hakika alinielewa, maana aliutazama kwanza ule mfuko. "Ah," akasema, "hapa ni sokoni." Tulikuwa tumesimama mahali ambapo ukinyoosha shingo unaiona kona ya mtaa wetu.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wenye feni, kulikuwa na chai na sambusa. Ukutani waliweka mchoro, kila mtaa na nguzo yake, na nguzo ya mtaa wetu ilikuwa fupi kiasi kwamba ungedhani mchoraji amesahau kuimalizia. Msimamizi akasoma kwa sauti yake ile ya upole: wakazi wa eneo hili wana mwamko mdogo wa usafi, hawaoni thamani ya kuzolewa taka, inapendekezwa waelimishwe kwanza. Nikamfikiria mama na deki yake. Nikainua mkono, nikasimama, nikasema watu wale wanalitaka gari kuliko mtu yeyote aliyemo humu ndani. Ofisa mmoja wa mbele akageuka akaniuliza kama nina takwimu zinazoonyesha hivyo. Takwimu zilikuwa ukutani, na baadhi yake nilizikusanya mimi. Nikakaa. Sambusa yangu niliiacha pale pale kwenye sahani.

Gari likaanza kazi. Lilikuwa jipya, rangi ya kijani, na lilizoa mitaa yenye nguzo ndefu. Lilipita kona ya kwetu bila kupunguza mwendo. Sisi tulipewa elimu. Akaja mtu na bango lenye picha ya mama anayecheka kando ya pipa la taka, akalifunga kwenye nguzo ya umeme karibu na jalala. Kabla ya mwezi wa mfungo kuingia, jalala lilikuwa limemfikia yule mama wa kwenye picha magotini.

Masika yakaja, na hayakuja kidogo. Asubuhi ya mvua kubwa nilirudi nyumbani kwa mama nimevua viatu, sketi nimeikunja, nikakuta mfereji umekwisha kutapika na baraza halionekani. Karai lilikuwa linaelea koridoni. Kitanda alikuwa amekipandisha juu ya matofali, godoro liko juu ya kabati. Mifuko ya nailoni ilikuwa inaingia mlangoni mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama wageni waliopiga hodi wakakaribishwa. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anachota kwa ndoo na kumwaga dirishani, upande wa jalala, kwa kuwa hapakuwa na upande mwingine, na mengi aliyoyamwaga yalizunguka yakarudi kupitia mlangoni.

Nikachukua ndoo ya pili. Tulichota kwa muda mrefu. Vyumba vingine nao walikuwa wanachota, ungesikia ndoo tu na mtoto mmoja analia. Nilikuwa na hasira iliyokosa mahali pa kwenda. Nilimkasirikia mama kwa ujanja wake, nikamkasirikia msimamizi kwa upole wake, nikayakasirikia hata yale maji.

"Wale wenzako," mama akasema, hakunyanyua uso. "Wa maswali. Wako wapi siku hizi?"

"Walimaliza, mama. Kitabu chao kimeshachapwa."

Akasimama wima, ndoo ameiegemeza pajani.

"Wamemaliza vipi? Nimetaja bei, hawakukataa, hawakutaja yao. Nikasema labda wamekwenda kushauriana na tajiri wao, watarudi. Siku zote hizi nawasubiri."

Nikachota ndoo nyingine. Kulikuwa na maelezo, nilikuwa nayo mengi, niliyasikia kwenye semina nzima.

"Kawaambie waje," akasema, akainama tena majini. "Waambie mama yako anaongeza."