Kifua cha Mama na Jibu la Tatu

Msimu wa pamba, mama huchambua mbele ya nyumba yetu Mkula: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Ile asiyoielewa huiweka kwenye kanga mapajani, aitazame tena jua likipanda. "Sijaijua bado," husema, wala haoni aibu.

Nilimsimulia rafiki yangu habari ya kanga hiyo tulipokuwa Bariadi tukitengeneza programu ya kusoma picha za kifua, kutafuta kifua kikuu. Picha moja tuliipitisha mara nyingi, kila mara tukizima vipande vichache tofauti vya programu. Majibu yakikaribiana, programu inajua. Yakitawanyika, inabahatisha, na hapo ilipaswa kuandika: sina hakika, apimwe makohozi. Jibu hilo la tatu, kando ya "salama" na "mgonjwa", nililipigania kufa na kupona. Rafiki yangu alilisifu. Alifika hadi kwetu, akala ugali wa mama na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mama akamwita mwanangu. Mbele yake nilimweleza mama kwamba mashine yetu isipojua, inasema.

Nilipokwenda likizo ya uzazi, rafiki yangu alilifuta jibu hilo. Wakubwa walikuwa wanakuja kuitazama mashine, naye hakutaka waione ikisitasita. Simu hakunipigia. Picha zote zenye shaka akazisukuma upande wa salama, na gari la vipimo likazunguka vijijini hivyo hivyo.

Mama alikuwa anakohoa tangu palizi. Gari lilipofika Mkula alipigwa picha, akaambiwa kifua kiko salama. Niliporudi kazini niliipitisha picha yake kwenye programu ya zamani. Majibu yalitapakaa kama mahindi yaliyomwagika. Nilimfuata yule rafiki yangu mezani kwake.

"Umemdanganya mama yangu."

"Dada, usikuze mambo. Watu wa huku wanataka safi au fifi, basi. Nani atanunua mashine inayosema sijui?"

Nani atanunua! Na ugali alikula, tena akaongezewa. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Siku hiyohiyo nilikwenda Mkula. Nilimkuta mama akichambua, na mtoto wangu, niliyemwachia niliporudi kazini, amelala kwenye ile kanga mapajani.

"Mayu, twende ukapimwe makohozi. Ile mashine haikuwa na hakika."

"Haikuwa na hakika?" Alinitazama kama ninayemtania. "Si wewe mwenyewe uliniambia, isipojua inasema? Mbona haikusema?"

Nilimweleza alichofanya rafiki yangu.

"Yule mwanangu? Hawezi. Wewe umegombana naye tu."

Akamnyanyua mtoto, akamlaza kifuani, akakohoa.