Jiko la Mama Sapiwi

Nilitoka Mwanza Ijumaa kwa sababu mama alinipigia simu kusema kuwa jiko lake la bayogesi linazimika kabla ugali haujaiva. Mimi na haraka zangu nikaona dawa ni mtungi wa gesi.

Mchana nilishuka stendi ya Bariadi, nikanunua mtungi, tukaufunga kwenye bodaboda na kushika njia ya kijijini kwetu Sapiwi. Pamba ilishavunwa, mashamba yalikuwa vumbi tupu. Dereva alinitania kuwa kwao mtungi ukiisha hugeuka kigoda, maana mjini ni mbali, na watu hurudi kukata miti. Nilicheka, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha.

Kufika nyumbani, zizi lilikuwa tupu. Kaka yangu Masanja alikuwa ameswaga ng'ombe wote kwenda Meatu kutafuta malisho, na mtambo wa bayogesi wa mama haufanyi kazi bila samadi. Kila asubuhi mama alikuwa akiomba ndoo moja ya samadi kwa jirani na kuikoroga na maji. Moto uliopatikana ulitosha chai tu.

Niliunganisha mtungi, moto ukawaka vizuri. Mama akachemsha chai, akazima, akakaa akitazama zizi.

"Gesi yako nzuri, mwanangu," alisema. "Lakini hii inawaka hata kama nyumbani hakuna mtu."

Nilikumbuka ng'ombe wakirudi jioni, Masanja akipiga mluzi nyuma yao, mama akituita tule. Niliyatamani yale maisha.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia Masanja. Nilimwambia gesi ya mtungi inachimbwa mbali na ikiisha imeisha, ila majani yanaota kila mvua, ng'ombe wanakula, na samadi haikosekani wakiwa zizini. Abakize hata wachache. Akakubali kurudisha wawili, angewatuma na mchungaji anayekuja huku. Nikampa mama habari hiyo.

"Wawili wananitosha, mimi mayu wako nakushukuru," alisema. "Ila mwambie awalete mwenyewe."

Jumatatu alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimejifunza kwamba moto wa kudumu tunao hapahapa kwetu, ila unataka watu wa kukaa nao. Bodaboda ilipokuja, mama alinishika mkono kwa muda mrefu. Hakuniuliza nitarudi lini.