Nyonga Mpya ya Mama

Mama aliteleza nyumbani kwake Chumbageni akitoka kutawadha kwa ajili ya sala ya alasiri. Nilimkuta angali chini, mguu wa kulia umelala upande na umekuwa mfupi kuliko mwenziwe. Hakulia. Alinitaka tu nimvutie kanga vizuri kabla majirani hawajaingia.

Hospitalini picha ilionyesha nyonga imevunjika. Daktari wa mifupa, kijana mpole, alimwamkia shikamoo kwanza, kisha akatueleza kwamba atatoa kichwa cha mfupa kilichovunjika na kuweka cha chuma. Kaka yangu mkubwa akakataa. Alisema mama ni mtu mzima, kumpasua ni kumtesa. Tumrudishe nyumbani, aitwe muunga mifupa wa kijijini Mkwaja amkande na kumfunga vijiti. Tukabishana palepale kando ya kitanda mpaka mama akainua mkono.

"Mwanangu," alimwambia daktari, "nisipopasuliwa, nitatembea tena?"

"Sidhani, mama."

"Basi nipasue. Mimi sitaki kulishwa uji nimelala."

Kaka akaenda kusimama dirishani.

Kesho yake baada ya upasuaji, dada wa mazoezi ya viungo alimsimamisha kwa fremu ya kutembelea. Jasho lilimtiririka mama. Alifika mlangoni, akatukana kidogo kwa Kidigo, akageuka na kurudi mwenyewe. Nyumbani alikatazwa kuchuchumaa, hata kusali ikawa juu ya kiti, na kiti kile alikichukia. Lakini mazoezi hakuyaacha. Kila jioni nilimsikia akizunguka ukumbini, akihema.

Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kupika vitumbua vya asubuhi, na sasa nilivipika mimi. Vyangu vilibonyea katikati, na wateja walinivumilia kwa adabu tu.

Asubuhi moja, fremu ikiwa imeshaachwa pembeni, mama aliingia jikoni na mkongojo mmoja. Kaka alimfuata nyuma, mikono ameitanua kama anayemlinda mtoto anayeanza kutembea. Mama hakumtazama. Alichungulia sufuria, akasema unga haujaumuka, kisha akaninyang'anya upawa.

"Toka hapo."

Nikatoka. Akaegemeza mkongojo ukutani, akasimama kwa miguu yake miwili mbele ya jiko, akamimina. Kaka alimtazama weee, kisha akainama kumwekea makaa, uso ameugeuza ili nisimwone machozi.

Jirani aliyekuja na bakuli lake alipomwona, alipiga kigelegele mtaa mzima ukasikia. Mama akamwambia angoje, havijaiva.