Mchezo wa Nusu Picha Ulionibananisha na Baba Mkwe

Karatasi niliyopewa ilikuwa na kichwa cha samaki. Mkia alikuwa nao baba mkwe wangu.

Labda wewe huoni tatizo.

Kwetu Wanyakyusa, wale tulioshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hamtaji jina. Mkikutana njiani, unachepuka. Mimi baba wa marehemu mume wangu namjua kwa sauti na kwa miguu.

Kwa hiyo maneno yake yote yalinifikia kupitia shemeji yangu Asajile. La mwisho lilikuwa hili: baba amesema Pasaka ikipita nihame Bujonde, niache nyumba na kakao.

Ningemuuliza vipi? Nilibaki kumlilia Mungu.

Ndipo yakaja mafunzo ya kukausha kakao, kanisani kwetu. Nikajiandikisha hivyo hivyo, kwa imani. Asajile naye alikuwepo, benchi la nyuma.

Mwalimu Sylvester, mgeni wa kutoka Moshi, alituonya mapema: atakayetoka kabla ya mwisho, kwenye kikundi cha wakulima wa kakao hayumo.

Akaanza na mchezo wa kuchangamsha darasa. Unatafuta mwenye nusu ya picha yako, mnashikana mikono, mnatazamana, kisha unamtambulisha mwenzako na kumuuliza swali moja.

Nikazunguka na samaki wangu, macho chini. Mbele yangu zikasimama katambuga za tairi ninazozijua.

Kumbe mzee aliingia kwa kuchelewa, sikumwona.

Nikajitupia kanga kichwani, nikageukia ukuta. Mlango uko nyuma yake. Kutoka siwezi, kugeuka siwezi.

Darasani wote wanajua, hakuna wa kumwambia mgeni.

"Mama, usione aibu," mwalimu akasema. "Mshike mzee mkono."

Mtu akacheka puani. Jirani yangu Veronika akamnong'oneza mwalimu ile mila yetu. Maskini mgeni, nilimchungulia kwa pembe ya kanga, kashika kiuno.

Mzee akakohoa.

"Mwalimu, simama hapa katikati. Mimi nasema na wewe. Huyu ni mke wa marehemu mwanangu Ambwene. Muulize, nilimkosea nini hata aseme anatuachia kakao, anakwenda kuolewa Kasumulu?"

"Mwalimu," nikauambia ukuta, "mwambie baba sijasema hivyo kwa mtu yeyote. Mimi niliambiwa yeye ndiye kanifukuza."

Mwalimu akarudia neno kwa neno, jasho linamtoka, kama vile hatusikiani.

"Muulize aliambiwa na nani."

Kabla sijajibu, benchi la nyuma lilisogea. Nikamsikia Asajile akitoka, eti anakwenda kutazama pikipiki yake.

Mzee hakupaza sauti.

"Mwalimu, mwambie huyu mwanangu aliyegeukia ukuta, nyumba na kakao ni vyake na watoto wake. Na humu wote mmesikia."

"Mwambie baba, ndaga fijo," nikasema. Asante ile ya kwetu, na machozi juu.

Wajane wenzangu, heshima tuitunze. Mimi bado naitunza. Ila neno la nyumba na shamba lisipitie mdomo mmoja. Siku hizi baba akiwa na jambo anawatuma Veronika na mwinjilisti, wawili pamoja.

Asajile hatumwi hata chumvi.