Mkono Utosini

Ukoko wa ugali ukianza kuungua chini ya sufuria, mimi huwa sipo tena jikoni kwangu hapa Rongai. Niko Al Wukair, nje kidogo ya Doha, nina miaka tisa, na nimesimama na Mama nyuma ya pazia tukimchungulia jirani. Ndiyo, tulichungulia. Msinicheke. Mama ndiye aliyekuwa mkubwa wa zamu, mimi nilikuwa msaidizi tu.

Mama alikuwa muuguzi, Baba dereva wa hoteli. Nyumba za familia zilipojaa katika mtaa wa Najma mjini Doha, hospitali ikampa Mama kijumba cha pembeni ndani ya kampaundi moja yenye ukuta mrefu. Hakuna aliyetuambia kwamba kampaundi karibu yote ilikuwa ya watu wa Venezuela na Kolombia, mainjinia wa gesi na familia zao. Walisalimiana kwa busu mashavuni, walizungumza wote kwa wakati mmoja, na Alhamisi jioni muziki wao ulitikisa vijiko vyetu kabatini. Tena kila asubuhi jikoni kwao kulitoka harufu ya ukoko. Hiyo ilimsumbua Mama kuliko muziki. "Wanaunguza unga wa mahindi na sijamwona hata mmoja na mwiko," alisema. "Wanapika nini hawa?" Walikuwa wakichoma mikate midogo ya mahindi kwenye kikaango, lakini sisi tungejuaje, na mlangoni kwao hatukuwahi kupiga hodi?

Kila neno ambalo Mama hakulielewa aliamini linamsema yeye. Tukipita wakanyamaza, wanatusengenya. Wasiponyamaza, bado wanatusengenya. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini na Kiarabu chake cha barabarani, anamwambia, "Khalas, basi, Mama Neema! Watu wanaongea habari za joto."

"Wewe cheka tu," Mama alimjibu. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Jirani wa ukuta mmoja nasi alikuwa bibi mfupi, mnene, mwenye nywele nyeupe alizozifunga kwa kitambaa cha maua. Wote walimwita Abuela, yaani bibi kwa lugha yao. Mjukuu wake Yuli alisoma darasa langu, na kwa kuwa mimi na yeye tulikuwa wavivu sawa wa hesabu, tulikuwa marafiki. Mama aliuvumilia urafiki huo jinsi mtu anavyovumilia mvua siku ya kufua.

Kisha akazaliwa ndugu yangu Baraka, na hapo ndipo mambo yalipochacha.

Kwetu Voi mtoto mchanga hasifiwi ovyo. Ukimsifu unamwitia kijicho. Baraka alikuwa mzuri, mashavu hayo! Lakini nyumbani tulimwita Kibaya. "Kibaya ameamka?" "Kibaya amenyonya?" Bibi yangu alipiga simu kutoka Voi akasema tumtie mtoto alama nyeusi, jicho la hasidi likwame hapo. Mama akamjibu kwamba yeye ameokoka, na isitoshe ni muuguzi mwenye cheti. Alipokata simu akachukua wanja, akamtia Baraka doa nyuma ya sikio, mahali ambapo hata mchungaji hangeliona. Kisha akanitazama kwa jicho la kuniambia sijaona kitu.

Sasa mfikirieni Abuela. Kila alipotuona getini alikuja mbio na ndara zake, akapaza sauti, "Lindo! Lindo!" Yuli alikuwa ameshaniambia maana yake ni mzuri, na mimi mjinga nikamtafsiria Mama. Kisha bibi yule alinyoosha mkono na kuuweka kichwani mwa mtoto, hapo hapo kwenye utosi unaopumua. Hakuwahi kumsifu bila kumgusa, na hakuwahi kukosa siku. Mama alikuwa akitabasamu kwa meno tu. Tukifika ndani alimpapasa Baraka utosi wote, akisema ni kazi yake ya uuguzi, utosi ukibonyea mtoto amepungukiwa maji.

"Huyu mama anatafuta nini kichwani mwa mwanangu?" aliniuliza siku moja. Kuanzia hapo na mimi nikaanza kuiogopa mikono ile yenye harufu ya mahindi.

Asubuhi moja tulitoka kliniki, Abuela akatukuta getini. Alimgusa Baraka kama kawaida, vidole vikateleza nyuma ya sikio, vikakutana na lile doa. Akakunja uso. Kabla Mama hajasema kitu, bibi alilamba kidole gumba chake, akasugua, akasugua, mpaka wanja wote ukatoka. Akatuonyesha kidole cheusi akicheka, kana kwamba ametuokoa na uchafu. Mama alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mate! Juu ya mtoto wake!

Kufikia alasiri Baraka alikuwa moto, analia kilio chembamba na kulikataa ziwa. Asubuhi ile ile alikuwa amechanjwa pajani. Mama yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia wazazi kwamba chanjo huleta homa na wasiwe na wasiwasi, hilo halikumjia kabisa. Alimwona Abuela tu. Baba alipojaribu kutaja sindano, alimkata: "Sindano ilifuta wanja?"

Homa ilishuka kesho yake, lakini Mama hakungoja. Alimwendea Abuela mlangoni na kumwambia kwa Kiingereza, polepole, kidole kikiwa juu: asimguse mtoto wake tena, kamwe. Bibi hakujua Kiingereza, ila kidole alikielewa. Akarudisha mikono yake chini ya aproni. Nami nikakatazwa kucheza na Yuli.

Kuanzia siku hiyo Abuela hakututazama. Akituona tunakuja na Baraka, aligeuza uso ukutani, au alifunika macho kwa kitambaa. Mara moja alirudi ndani mbio hata akaacha ndoo yake nje. "Umeona?" Mama alininong'oneza. "Mwenye hatia hukimbia hata asipofukuzwa." Nami niliona, wallahi niliona, na usiku nilivuta shuka hadi puani.

Yuli ndiye aliyenijia shuleni, amekasirika, machozi yakimlengalenga. "Kwa nini mama yako anataka mtoto wake augue?" aliniuliza.

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza kwa pupa. Kwao, jicho la mtu anayempenda mtoto linaweza kumdhuru bila yeye kutaka. Dawa ni moja: ukimwona mtoto mzuri, mguse, basi. Abuela aliambiwa tangu usichana kwamba macho yake ni mazito. Kuna mtoto wa dada yake alimsifu kupitia dirisha, hakumgusa, na mtoto huyo hakumaliza wiki. "Sasa mama yako amemkataza kugusa," Yuli alisema, "kwa hiyo hathubutu hata kumwangalia. Anashinda analia."

Nilimkuta Mama akisonga ugali, Baraka mgongoni. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Alisonga, akasonga polepole, kisha mwiko ukasimama. Harufu ya kuungua ikajaa jikoni, ile ile ya nyumba ya pili, na Mama hakuzima moto. Mimi ndiye niliyezima.

Alitoka na unga mikononi. Nilimfuata. Abuela alipofungua mlango na kumwona mtoto, alijifunika uso kwa aproni akawa anatikisa kichwa, anasema hapana, hapana. Mama akamshika mkono ule aliokuwa ameufukuza, akauvuta, akauweka juu ya utosi wa Baraka.

"Mguse," alisema kwa Kiswahili. "Mguse, mama yangu."

Abuela alilia kwa sauti. "Lindo," alisema. Na Mama, ambaye tangu mtoto azaliwe hakuwahi kulitamka neno hilo, akasema, "Ndiyo, ni mzuri. Ni mzuri sana mwanangu."

Tulirudi nyumbani tukala ukoko. Mama alimpima Baraka joto kabla ya kulala, akampima tena alfajiri. Alikuwa mzima. Siwezi kuwadanganya kwamba shaka lilimtoka Mama mara moja.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Sisi tulikuwa tukimshuku jirani, na yule bibi miaka yote hiyo alikuwa akijishuku mwenyewe. Nafikiri hakuna upweke unaopita huo, kumpenda mtoto na kuyaogopa macho yako mwenyewe.

Mama amestaafu, yuko Voi. Kila nikimpeleka binti yangu likizo, humtazama kwanza kwa mbali, uso ukimng'aa, kisha huja haraka kumwekea mkono kichwani. Nikimuuliza anafanya nini hukasirika. "Mimi ni muuguzi," husema. "Napima utosi."

Binti yangu ana miaka saba.