Upande wa Chini wa Jani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku kubwa. Ilikuwa Jumanne, Jidda, mtaa wa Al-Safa, nami nimesimama jikoni mbele ya sufuria ya majani, najiona najua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wa pili wa mkataba. Kazi yangu ilikuwa kumhudumia Hajja Safiya, mama mzazi wa bosi. Hajja alikuwa na miguu mibovu na ulimi mzima, na hakutoka nje. Mgeni wake alikuwa mmoja tu, jirani wa nyuma ya ukuta, Khala Mariamu. Khala ni mama mdogo kwa Kiarabu, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa Mchina. Usishangae. Wazazi wake walitoka China kwenda kuhiji, wakabaki, naye akazaliwa Taif. Kila siku baada ya Alasiri alikuja na chupa yake ya chai, wakakaa wale wawili hadi Magharibi wakisengenya watu ambao wengi wao walikwisha kufa. Walikuwa hivyo kwa miaka arobaini.

Wiki ile Hajja alishikwa na kikohozi. Bosi na mkewe, madam wangu, walikuwa Riyadh kwenye harusi. Khala akaniletea majani ya mti wa uani kwake, nami nilipoyaona nikacheka, maana ulikuwa msambia, ule ule wa matunda ya njano tuliokuwa tukiukwea utotoni kwetu Lushoto. Khala akasema mama yake aliuita pipa, na kwao Wachina ni dawa ya kifua tangu zamani. Nikacheka zaidi, naye hakujua nacheka nini.

Alinigeuzia jani moja. "Pitisha kidole hapa chini. Unasikia vinyweleo? Vikiingia kooni, mgonjwa atakohoa mara mbili ya mwanzo. Sugua kila jani ndani ya maji mpaka kidole kiteleze. Halafu kata, chemsha, chuja kwa kitambaa." Akaniachia na mswaki mpya wa kazi hiyo.

Majani yalikuwa kumi na mawili. Nilisugua mawili.

Sikuwa mvivu, tafadhali. Nyumba ile ilikuwa na vyumba tisa na niling'arisha vyote. Nilichokuwa nacho ni kiburi cha mtu aliyekwea mti akadhani ameujua. Kwetu tulikula matunda, majani tukawaachia mbuzi, lakini nikajiambia, nani wa kunifundisha msambia mimi? Kumi yaliyobaki nikayakatakata yalivyo, nikachemsha, nikachuja kwa chujio la chai.

Hajja alikunywa kikombe kizima kwa sababu aliniamini. Nusu saa baadaye alikuwa anakohoa hadi macho yanamtoka, mkono kooni, sauti hakuna. Niliogopa, mwanangu. Dereva akatukimbiza zahanati. Daktari akatazama koo, akasema limechunika, akauliza amekunywa nini. Nikajibu, majani.

Madam alirudi na ndege ya asubuhi. Akaniuliza nani kaleta majani yale. Nikasema Khala Mariamu. Huo ulikuwa ukweli, nami nikauishia hapo hapo, kwa sababu kwetu nilikuwa nimeacha mama na watoto wawili, na ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilikuwa mikononi mwa watu wale.

"Halas," akasema madam. "Yule mwanamke asikanyage tena hapa."

Mimi ndiye niliyetumwa mlangoni kumwambia. Khala alisimama na chupa yake ya chai, akaniuliza jambo moja tu.

"Ulisugua?"

"Ndiyo, Khala. Yote."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi labda nimezeeka. Labda nilichuma vibaya." Akageuka na chai yake.

Hajja aliporudiwa na sauti alimgombeza madam, akamgombeza na mwanawe, lakini mtu asiyeweza kusimama bila kushikwa ataufungua vipi mlango? Akawa anakaa mahali pake baada ya Alasiri, kiti cha pili kitupu, ananiuliza saa ngapi. Nilimjibu saa. Nilipika, nikafua, nikaswali. Nilistaajabu jinsi mtu anavyoweza kula na kulala na jambo kama lile.

Siku ya kumi na moja nilipanda darini, juu ya paa bapa la nyumba, kuanika mashuka. Kule juu ua wa Khala unaonekana wote. Alikuwa chini ya mti wake, ndoo ya maji mbele, anasugua jani. Akilimaliza analiinua juani, analipitishia kidole, halafu analirudisha majini na kuanza upya. Pembeni alikuwa na rundo zima. Hakuwa na mgonjwa. Alikuwa anatafuta kosa lake.

Niliacha mashuka ndani ya beseni, nikashuka. Nilimwambia Hajja kwanza, nikiwa nimepiga magoti, nikasema yote: mawili nilisugua, kumi sikusugua, na mlangoni nilidanganya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwambie madam. Halafu ukamlete."

Madam alinifokea vya kutosha, akasema tiketi yangu ya kurudi kwetu itakatwa wiki ile ile. Hajja akamwambia nikiondoka mimi naye anahamia kwa Mariamu. Nilibaki, ila madam hakuniamini tena na sufuria kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Khala hakunifokea. Alifuta mikono, akachukua chupa yake, na tukiwa njiani akasema bila kunitazama, "Nilishaanza kudhani mama yangu alinifundisha vibaya." Basi. Hadi leo natamani angenipiga kofi.

Hajja Safiya hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Moyo ulimchoka tu, akiwa usingizini. Khala Mariamu ndiye aliyemwosha. Walikuwa wamebakiwa na miezi miwili wale wazee, bila kujua, na ndani ya miezi hiyo mimi niliwanyima siku kumi na moja, kwa ajili ya majani kumi ambayo yangenichukua dakika ishirini.

Basi wewe unayefunga begi kwenda kazi ya ugenini, sikia. Ukionyeshwa kazi na anayeijua, ifanye yote, hata ile sehemu unayoiona ya bure. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajajitwika kosa lako. Watakufokea, naam. Huenda wakakurudisha nyumbani. Rudi. Sisi tutakupokea na begi lako, lakini siku ukishawanyima watu, huna tena pa kuzirudisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize mikono ukiwa kazini na akupe moyo wa kusema mapema. Na atakaye kunywa kutoka mkononi mwako, anywe apone.