Hayawahusu kwa Daktari wa Mtama

Juzi nilishuka Mtama, nikaenda moja kwa moja kutafuta chumba cha daktari wa mifugo. Hakipo, ndugu yangu. Pana fundi simu na spika lake linalopiga kelele. Nilisimama pale, roho ikaniuma kama mtu aliyefiwa.

Enzi zetu, asubuhi ya chanjo, baraza ya chumba kile ilikuwa vurumai tupu. Matenga ya kuku walioletwa kutiwa tone la chanjo ya kideri jichoni, mbuzi wa dawa ya minyoo, na beberu anayesubiri kuhasiwa huku wanaume wakiangalia pembeni. Harufu ya dawa ya kupe ilichanganyika na ya vitumbua vya jirani. Daktari mwenyewe alikuwa mstaafu wa serikali aliyefungua chake, maneno mengi, mkono mwepesi.

Bibi yangu hakuwa mtu wa mbwa. Mate ya mbwa ni najisi, alituambia. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo, na bila mihogo tungekula nini? Basi akafuga mbwa mmoja huko huko shambani. Majirani walivyozidi kuulizauliza, akampa jina Hayawahusu. Chakula alimrushia kwa mbali. "Mbwa wa shamba huyo," alikuwa akisema, "si wangu."

Asubuhi moja tukamkuta kapasuliwa ubavu na nguruwe, anahema tu. Lahaula! Nilidhani bibi atanituma nikaite watu. Wapi! Alivua kanga yake ya juu, akamviringisha, akampakata, huyoo mpaka Mtama, watu wametumbua macho.

"Shikamoo, bibi," daktari akasema. "Leo umeniletea mjukuu?"

"Marahaba. Wa shamba huyu. Mshone."

Daktari alimchoma ganzi, akatunga uzi. "Haya, mshike kichwa asije akaning'ata."

Bibi akamshika kwa pindo la kanga.

"Inateleza hiyo, bibi. Kwa mikono."

"Mie? Na swala yangu?"

"Maji yapo, utajiosha. Mbwa huna mwingine."

Bibi akaitupa kanga, akakishika kile kichwa kwa mikono mitupu, akawa anasoma dua kwa sauti ndogo mpaka uzi ukakatwa. Mimi nililia kuliko mbwa. Nyumbani alijiosha kwa udongo kama alivyofundishwa, na Hayawahusu akapona, akarudi kazini kwake.

Siku hizi dawa ya mifugo unauziwa dirishani, chupa na maelezo, unakwenda kuhangaika peke yako. Naikumbuka mno baraza ile, na utani wake, na bibi yangu akiwa bado na nguvu.

Hayawahusu alikufa kwa uzee. "Mbwa tu," bibi alisema, akamchimbia shimo mwenyewe, hakutaka msaada. Msimu uliofuata hakulima mihogo. Alisema mgongo unamsumbua, nasi tukamwamini.